Malalo Inalala

Siku hizi ninaota mafunjo. Ninakaa Katindo, hapa Goma, nyuma ya kambi ya askari, ambako baragumu ya asubuhi huamsha hata sisi tusio na bunduki. Lakini kabla haijalia, katika ule usingizi mwembamba wa alfajiri, huwa niko Malalo. Ukungu umeshuka mpaka magotini, mafunjo yanagusana mabega taratibu, na kuna sauti ya maji, ndogo, kama mtoto anayenyonya gizani. Kisha baragumu inalia, na mimi ni mwanamke mzee tena, katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, mji wenye ziwa zima mlangoni na watu wanaopishana na bidoni za manjano wakitafuta maji ya kunywa.

Mliponiaga kazini, ninyi vijana, mlinipa keki na Fanta, mkaniomba niandike yale niliyoyaona. Nani alipanda cheo na nani alipitwa sitaandika. Hayo mnayajua kuliko mimi, mnayazungumza kutwa. Nitaandika juu ya Malalo, kwa sababu nimegundua kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusikia jina hilo.

Malalo ilikuwa hifadhi ndogo, upande wa Rutshuru, si mbali sana na Kiwanja. Lava ya zamani ilifika pale ikachoka, ikasimama, na chini ya mawe yake maji yakapata tundu la kutokea. Yalijaza kwanza kisima kipana cha mawe, kisha yakamwagika polepole kwenye bonde, na bonde lote lilikuwa mafunjo, vyura, kambare na wale ndege wenye taji kichwani tunaowaita misambi. Kazi yetu ilikuwa kulinda hilo bonde. Walinzi walikuwa wachache, na mimi nilikuwa mtu wa foni, yaani redio ya kuongea na ofisi ya Goma.

Nilifika nikiwa msichana kutoka Butembo, juu ya lori la maharagwe, na maharagwe yalisafiri vizuri kuliko mimi. Aliyenipokea alikuwa mkuu wa walinzi, muzee Sekanabo, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Aliniangalia, akaangalia sanduku langu.

"Unaitwa nani?"

"Kahindo, papa."

"Kahindo, unajua kunyamaza?"

Nikamwambia nimeletwa kuongea.

"Njo ile nauliza. Mutu wa foni mwenye hajue kunyamaza, hasikiake kitu."

Kesho yake asubuhi nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Sisi wa Butembo ni watu wa milimani. Maji yetu hukimbia usiku na mchana, wala hayana habari na mtu. Nikakuta wanawake wamesimama kimya ukingoni, ndoo chini, ukungu umewafunika. Nikafikiri wanaogopa baridi. Nikapita katikati yao, nikachovya ndoo. Ayii! Mama mmoja mzee alinichapa mkono, ndoo ikaelea.

"We mutoto! Maji haiyaamuka!"

Nikabaki nimeduwaa. Jua lilipotokeza juu ya mafunjo, yule mama akapiga makofi mara chache, kama unavyobisha kwa jirani, akasema, "Tumeamuka, na weye uamuke." Ndipo wakaanza kuteka, wakicheka, nami wakanipa ndoo yangu na jina la Haiyaamuka, yaani hayajaamka, nililoitwa hadi nikaondoka.

Nilimlalamikia muzee Sekanabo. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Hapa maji inalalaka, mama. Jua ikishuka, hakuna mutu anagusa. Muchana maji ni ya batu. Usiku ni ya mafunjo." Kisha akanionyesha, maana alikuwa mtu wa kuonyesha: jioni kisima kilikuwa kimeshuka chini ya jiwe jeupe la ukingoni, na asubuhi kilikuwa kimejaa, kimemwagika, bonde limekunywa. Wazee wa pale hawakusoma somo la maji mahali popote. Waliliita usingizi, na usingizi wa mtu hauibwi.

Muzee ndiye aliyenifundisha foni pia. Betri ya gari, waya mrefu kati ya mikaratusi miwili, sanduku la kijani lenye vishikizo. Usiongee ukikimbia. Usiseme na chakula mdomoni. Ukiachilia kishikizo cha kuongelea, hesabu pumzi moja kabla hujaanza kumtukana mtu wa upande wa pili, kwa maana pengine bado anakusikia. Hilo la mwisho ninawaachia kama urithi.

Upande wa pili alikuwa Désiré, karani wa Goma. Kwa miaka sikumjua ila sauti. Alikuwa mtu wa kikundi cha maombi, na kila siku kabla ya habari za mvua lazima aseme, "Bwana asifiwe, Malalo, nakusikia." Sauti yake ilikuwa nene, nikamwaza mtu wa kitambi, kumbe nilipokutana naye alikuwa mwembamba kama waya wangu. Alikuwa mwema. Ninamtaja hivyo mapema ili msije mkamchukia.

Basi ikaja ile miaka ya vita vya nchi jirani. Wakimbizi walivuka mpaka, wengi hata barabara ikabadilika rangi. Nilikuwa nimekaa kwenye foni asubuhi, nikasikia mlio nisioujua, mlio wa sufuria. Maelfu ya sufuria zikigongana migongoni mwa watu, ndani ya ukungu, na watu wenyewe hawaongei. Walijaa kandokando ya bonde lote. Walikata mafunjo wakajenga vibanda. Mlinzi mmoja alitaka kuwafukuza kisimani, muzee Sekanabo akamshika kola.

"Mutu mwenye kiu hafukuzwake. Mupishe."

Shirika la msaada likaleta motopompe na mifuko mikubwa ya mpira, mikubwa kama nyumba, na maji ya kisima yakaanza kwenda kambini kwa bomba. Sikulaumu, na sasa silaumu. Nimeona watoto wakifa kwa maji machafu. Yeyote anayesema mafunjo yangetangulia, aje aniambie usoni.

Fundi wa pampu alikuwa mtu wetu wa Butembo, Kasereka, kwa hiyo niliweza kumgombeza kwa Kinande, lugha ya kwetu, jambo linalopunguza sana uchovu. Maana baada ya muda nilianza kusikia pampu hata jua lilipozama. Mchana kambi, usiku nini? Nikamwuliza. Akaangalia viatu vyake.

"Kabichi, mama Kahindo."

"Kabichi ya nani?"

"Ya bakubwa ba mujini. Balilima kule chini, kandokando ya barabara. Banatuma mafuta, banasema uwashe. Miye niko mutu ya kuwasha na kuzima tu."

Kabichi! Ninakiri mpaka leo siwezi kula kabichi kwa moyo safi. Mashamba yalikuwa mazuri, yamejipanga kijani mpaka chini, na malori yaliyapeleka Goma na mbali zaidi. Na kila asubuhi wanawake walisimama ukingoni wakisubiri maji yaamke, na maji hayakuwa yamelala. Jiwe jeupe likabaki kavu asubuhi na jioni. Bonde likaanza kurudi nyuma, kama mtu anayejikunja ndani ya blanketi fupi. Misambi wakahama ukingo wetu. Kambare walijifukia kwenye tope, watoto wakawachimbua kama viazi.

Muzee Sekanabo aliacha kucheka. Alizaliwa pale, mama yake amezikwa pale ukingoni, baba yake alikuwa mlinzi kabla yake. Jioni moja tulikuwa tumeketi kwenye ngazi ya kituo, tunasikiliza pampu, akaniambia bila kunigeukia, "Kahindo, hii maji ikikauka, miye niko mulinzi wa nini?" Nilikuwa nimeanza kumwita papa si kwa heshima tu, na iliniuma kumwona mzee wangu anauliza swali la mtu aliyefukuzwa kwao.

Hakwenda kwa wakubwa. Aliwaita watu wa maji wenyewe: Kasereka, wanawake wa kijiji, na kutoka kambini mama mmoja mkimbizi aliyeitwa Dativa, ambaye wenzake walimsikiliza. Walikutana kisimani mchana kweupe. Mimi nilipika chai. Muzee alisema Kinyarwanda na Kiswahili kwa zamu, akieleza usingizi wa maji, na niliogopa wakimbizi watamcheka. Watu waliopoteza kila kitu, unawaambia habari ya maji kulala?

Mama Dativa aliliangalia jiwe jeupe lililokauka. Kisha akasema, "Hata kwetu tulikuwa tunaiacha ilale. Nilikuwa nafikiri hapa hamujue." Akafuta macho kwa kitenge. "Usiku sisi hatutekake. Usiku tunaogopa tu. Muzime."

Wote wakamgeukia Kasereka.

"Na bakubwa?" akauliza. "Bakiniuliza kabichi yabo?"

"Ubaambie pompe inalala," akasema yule mama mzee aliyenichapa mkono, na kila mtu akaangua kicheko, hata Kasereka mwenyewe. Akazima jioni ileile.

Mungu wangu, ule ukimya. Sijui kuuandika. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya volkano, moshi wa kambi umelala chini, na pampu ikakohoa ikanyamaza. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha chura mmoja akauliza, mwingine akajibu, na bonde zima likajibu. Watu walitoka vibandani wakasimama. Asubuhi jiwe jeupe lilikuwa limelowa. Siku zilizofuata lilifunikwa, maji yakamwagika tena, na kamba nyembamba ya fedha ikaingia kwenye mafunjo. Muzee alivua viatu akatembea ndani yake na kofia kichwani, akiimba wimbo wa kanisa vibaya.

Nikakimbia kwenye foni. Nilikuwa na furaha, lakini sikukimbia katika maneno. Nilifanya kama nilivyofundishwa, polepole, mara mbili.

"Goma, Goma, hapa Malalo. Habari ya leo: sasa Malalo inalala. Narudia, sasa Malalo inalala."

Mikwaruzo. Kisha ile sauti nene, chini kidogo kuliko kawaida: "Ooh. Pole sana, mama."

Sasa ninyi mnajua, kwetu pole ni ya kila kitu. Umebeba mzigo, pole. Umetoka safari, pole. Umefanya kazi nzuri, pole. Nikajibu kwa moyo mweupe, "Aksanti, papa Désiré. Tulipambana."

"Mungu alitoa, Mungu alitwaa," akasema.

Nikaona ni mambo yake ya maombi. Nikazima, nikaenda kunywa chai.

Majuma kadhaa yakapita, gari la ofisi likafika. Akashuka afisa mmoja nisiyemfahamu, na watu wenye nyundo. Walianza kung'oa kibao cha hifadhi kule barabarani, kisha wakashuka mpaka kisimani, viatu vikizama. Afisa akasoma: hifadhi ya Malalo imefungwa kwa kuwa bonde limekufa, walinzi warudi Rutshuru, ardhi na maji viko wazi kwa kilimo.

Muzee Sekanabo alimsikiliza mpaka mwisho. "Chef," akasema, "unasema ilikufa, na miguu yako iko ndani ya maji?"

Afisa akaangalia miguu yake. Akainua mmoja, akautikisa. "Muzee, miye nilitumwa kufunga. Sikutumwa kuangalia."

Nilifika kwenye foni sijui kwa miguu ya nani. Nikamwita Désiré. Hakuna pumzi moja wala nini, nilimpigia kelele: nani alisema Malalo imekufa?

"Ni weye, mama," akajibu, naye anashangaa kweli. "Ulisema ililala. Ukarudilia."

"Inalala! Nilisema inalala! Usiku inalala, asubui inaamuka!"

Katika mikwaruzo ya foni, inalala na ililala ni watoto wa tumbo moja. Na katika kikundi chake mtu hafi, mtu hulala. Ndugu yetu alilala, dada yetu alilala, kila Jumapili. Alikuwa ameipeleka habari kwa chef, mkubwa wa ofisi, kwa Kifaransa safi, kwa huzuni ya kweli, bonde limekufa, na jioni, akaniambia, alituombea.

"Nenda umwambie chef," nikasema. Alikwenda. Nilisubiri palepale kwenye foni. Akarudi na sauti ndogo.

"Chef anasema karatasi ilishaendaka."

Wengine kazini walinilaumu kwa miaka: Kahindo na neno lake. Sikubali, na msinitajie. Neno lilikuwa zuri. Gari lingeweza kuja kuona kabla ya kufunga, barabara ilikuwa ileile. Lakini habari ilikuwa imewapendeza watu wa kabichi, na habari inayompendeza mtu haiulizwi mara ya pili. Sikio la kufa halisikii dawa. Ninyi wa simu, mkiambiwa kitu kimelala, ulizeni kinalala namna gani. Ulizeni kitaamka saa ngapi.

Walinzi waliondoka, lakini mimi na muzee tulibaki kituoni tukingoja gari la kuchukua foni, ambalo halikuja. Kasereka alijaribu. Alizima jioni mbili tatu, wakaja watu, wakaweka fundi mwingine mahali pake. Baadaye zikaletwa pampu zaidi, zikaunguruma pamoja usiku kucha. Kisha vita vikafika kwetu. Kambi ilivunjwa asubuhi moja kwa milio ya risasi. Watu walikimbilia pande zote, wengine kuvuka tena mpaka, wengine msituni, na mama Dativa sikumwona tena. Wenye bunduki walipopita kituoni walichukua betri, sanduku la kijani, mpaka waya wa kwenye mikaratusi. Nilitembea kwa miguu hadi Goma nikiwa na nguo nilizovaa. Muzee Sekanabo alikataa kuondoka. Alisema atakaa Kiwanja kwa binti yake, awe anapita kuangalia.

Watawala walibadilika, bendera zilibadilika, kabichi haikubadilika. Kisima kilipopungua walichimba, walipochimba kikapungua zaidi, wakashusha mabomba chini. Habari hizo nilizipata vipande vipande, kutoka kwa watu wa moto, yaani pikipiki, na wa minibasi waliotoka huko. Nilizisikia kama unavyosikia watu wakiongea chumba cha pili ukiwa na homa.

Vita vilipotulia kidogo ofisi iliweka foni mpya Rutshuru, nikapelekwa huko. Juma la kwanza tu muzee akatokea mlangoni. Alikuwa amezeeka sana. Alikuwa amevaa yunifomu yake ya zamani, imefuliwa, imepigwa pasi, ingawa hakukuwa na mtu aliyemtuma kuivaa.

"Kahindo, tuende uone," akasema.

Tulitembea juu ya Malalo. Hivyo ndivyo ninavyoweza kusema: juu yake, na viatu vikavu. Chini kulikuwa na joto. Ule udongo mweusi wa mafunjo, uliolala majini tangu dunia ianze, ulikuwa umeshika moto ndani kwa ndani, na moshi ulitoka kwenye nyufa, mwembamba, mweupe, ukisimama bondeni kama ukungu wetu wa asubuhi. Kwa mbali ungedanganyika. Mimi nilidanganyika, kwa muda nilifikiri nikinyamaza vizuri nitasikia maji. Msambi mmoja alikuwa amesimama katikati ya moshi, anainua mguu mmoja, anaubadilisha, kwa sababu ardhi ilikuwa inamuunguza. Kabichi hazikuwepo tena. Zilipokosa maji wenyewe walihamia bonde jingine.

Kisima kilikuwa shimo la mawe. Muzee alisimama ukingoni, akapiga makofi yale machache, kama kwa jirani. Tukangoja. Nililia wazi, sikuficha, yeye hakulia.

"Tupeleke habari," akasema.

"Habari gani, papa? Kwa nani?"

"Kwa ofisi. Miye niko mulinzi. Kitu kikitokea, mulinzi anatoa habari. Ile ya kwanza haikukuwa ya kweli. Hii ni ya kweli. Iende."

Tukarudi Rutshuru, mwendo mrefu. Nilimpa kiti karibu na foni. Alitoa kofia akaiweka juu ya magoti. Nikaita Goma, na Goma ikaitika, ileile sauti nene, imezeeka nayo: Bwana asifiwe, nakusikia.

Nikasema polepole, kama nilivyofundishwa na huyu aliyeketi kando yangu.

"Goma, hapa Rutshuru. Habari ya mulinzi Sekanabo. Malalo ililala. Narudia, Malalo ililala."

Nilikuwa nimeweka vile vya kusikilizia masikioni, muzee hakuweza kusikia upande wa pili. Nilisikia Désiré anapekua karatasi.

"Lakini mama," akasema taratibu, "ile ulishatuambiaka."

Nikaachilia kishikizo. Muzee alikuwa ananitazama.

"Banasema nini?"

"Wamesikia, papa," nikamwambia.